Mama Mkwe Alikaa Mbele

Askari wa yadi ya magari yaliyogongwa alifungua kufuli la lango, akasogea pembeni.

"Karibu makaburini, Kachero," alisema. "Lako ni lile jeupe, nyuma ya lori. Ubavu mmoja umeliwa."

Kachero alivaa glavu huku akitembea. Jina lake halisi watu wengi walikuwa wamelisahau. Tangu kampuni ya bima imwajiri kupeleleza madai ya majeruhi wa ajali, kila mahali aliitwa hivyo, na mama yake mzazi alikuwa ameanza kumwita hivyo pia.

"Meneja wako amepiga simu hapa," askari aliongeza. "Anauliza kama nimewahi kuliona gari hili likibeba abiria wa kulipa. Anasema hiyo ni teksi bubu."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia mimi nalinda magari yaliyokufa. Habari za yaliyo hai awaulize wengine."

Kachero alilizunguka gari bila kuligusa. Lilikuwa gari dogo la gia za mkono. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekumbatia nguzo ya umeme. Mlango wa mbele wa kushoto ulikuwa umeingia ndani mpaka karibu na gia, na pale ndipo mguu wa mama aliyejeruhiwa ulipobanwa. Dirisha la nyuma la kushoto lilikuwa limemwagika lote. Upande wa kulia, kwenye usukani, palikuwa pazima kabisa.

Dai lenyewe lilikuwa jepesi kusoma. Mwenye gari, dereva wa basi la shule, alikuwa akimrudisha mama mkwe wake kutoka kliniki ya macho. Walikuwa wawili tu garini. Mbwa akakatiza barabara, dereva akamkwepa, gari likapiga nguzo. Bima ya gari lile humlipa abiria aliyeumia, mradi aliyeendesha ana haki ya kuendesha na gari halibebi watu kwa malipo. Dereva wa basi la shule ana leseni, tena safi. Pangekuwa na ubishi gani hapo?

Meneja alisoma akaona teksi bubu. Kachero alisoma akakwama kwenye mstari mmoja: mama mkwe alikaa mbele, kushoto kwa dereva.

"Hebu nikuulize," alimwambia askari. "Ukimpa mama mkwe wako lifti, anakaa wapi?"

Askari alimtazama kama aliyeulizwa swali la matusi. "Mama mkwe wangu? Akija nyumbani mimi nakula nimesimama uani. Nimweke mbele, kwenye gari la gia za mkono, kila nikibadili gia mkono upitie gotini kwake? Mungu apishie mbali! Anakaa nyuma, tena mlango wa mbali."

"Ndivyo nilivyodhani."

Alifungua mlango wa nyuma wa kulia, akainama. Vipande vya kioo vilikuwa vimetapakaa juu ya kiti, vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Vilijaa upande wa kushoto, vikajaa katikati, vikaingia kwenye mishono ya kitambaa. Lakini upande wa kulia, nyuma ya kiti cha dereva, palikuwa na sehemu safi, upana wa makalio ya mtu mzima.

Kachero alipiga picha. Halafu alikitazama kiti cha dereva kwa nyuma. Kwenye kitambaa, kimo cha uso wa mtu aliyekaa, palikuwa na doa la damu iliyokauka.

"Walisema wawili," askari alisema juu ya bega lake.

"Walikuwa watatu."

"Basi Meneja kapata. Huyo wa tatu ni abiria. Kaona mambo yameharibika, katoka mbio."

"Huenda," Kachero alisema. Akapiga picha ya pili, akafunga mlango taratibu.

*

Hospitali ilikuwa na korido ndefu iliyonuka dawa ya kupigia deki. Daktari wa mifupa alimkuta Kachero mlangoni mwa wodi na hakumpa hata muda wa salamu.

"Ninyi watu wa bima mmeamuaje?"

"Bado, daktari."

"Kidonda kimeanza kuharibika. Nikipata neno lenu kabla ya mchana, namfunga vyuma, na mguu unapona. Vyuma hivyo hospitali haina, vinaletwa malipo yakishahakikishwa. Nisipopata neno lenu, naukata chini ya goti leo hii hii, maana nikingoja kesho nitakata juu ya goti. Sikutishi. Nakueleza hali ilivyo."

"Mgonjwa anajua?"

"Wanawe wameniomba nisimwambie." Akaondoka, kandambili zake zikipiga sakafu.

Mkwe, yule mwenye gari, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, magoti pamoja, kofia mkononi. Mtu mrefu, mpole wa sura, mdomo wa juu umepasuka na kuvimba. Alipomwona Kachero alisimama.

"Mama amelala, dada," alisema kabla hajaulizwa.

"Sikuja kwa mama. Nimekuja kwako. Kaa."

Akakaa.

"Mdomo umefanya nini?"

"Niligonga usukani."

"Mbwa alitokea upande gani?"

"Upande wa... kulia."

"Ukamkwepa."

"Nikamkwepa."

"Mama alikuwa amekaa wapi?"

"Mbele. Nilishaandikisha polisi."

"Mama mkwe wako. Mbele. Na wewe unabadili gia."

Mkwe alishusha macho. Masikio yake yakawa kama yanaungua. "Nyuma kulikuwa na mizigo," alisema. "Mke wangu ni fundi cherehani. Kulikuwa na marobota ya vitambaa, kiti kizima. Angekaa wapi?"

"Marobota yako wapi sasa?"

"Watu waliiba. Ajali ikitokea, si unajua watu?"

Kachero alimwonyesha picha kwenye simu. "Hivi ni vioo vya dirisha la nyuma. Vimelala juu ya kiti, si juu ya marobota. Kama kungekuwa na marobota, wezi wangeyabeba na vioo vyake, na kiti kingebaki safi chote. Hapa safi ni sehemu moja tu. Umbo lake ni la mtu, si la robota."

Mkwe aliisogeza simu kando kwa kidole.

"Meneja wangu anaamini huyo ni abiria wa kulipa, na kwamba unafanya teksi bubu. Akiendelea kuamini hivyo, anafunga dai, na mguu unakatwa. Nipe jina la abiria huyo aniambie hakulipa."

"Sijawahi kubeba mtu kwa malipo. Naapa kwa watoto wangu."

"Basi nani alikaa nyuma?"

"Hakuna."

"Kiti cha dereva kina damu mgongoni. Aliyekaa nyuma yake aliumia mdomo." Kachero alingoja kidogo. "Hapa koridoni naona mtu mmoja tu mwenye mdomo uliopasuka."

Mlango wa korido ulifunguliwa. Mwanamke mwembamba aliingia amebeba chupa ya uji na nguo safi, mtandio umeshuka hadi machoni. Alimwona Kachero, akamwona mumewe alivyoinamisha kichwa, akasimama.

"Shikamoo, dada," alisema polepole.

"Marahaba. Wewe ndiye binti yake?"

"Ndiyo. Mimi sikuwepo siku ile. Nilikuwa nyumbani, kwenye cherehani."

Kachero aliinuka, akampokea chupa kwa heshima. Ilipohama mkono kwenda mkono, Binti aliuma meno na kushika bega la kulia. Mtandio uliteleza. Kutoka begani mpaka karibu na shingo kulikuwa na alama ya zambarau, nyembamba na ndefu, imelala kama mkanda wa mkoba.

"Cherehani yako ina mkanda wa usalama?" Kachero aliuliza.

Binti aliifunika kwa mtandio haraka. Alimtazama mumewe.

"Usiseme kitu," Mkwe alisema.

"Aliyekaa kushoto, mkanda humshika bega la kushoto," Kachero alisema. "Wako umekushika la kulia. Kulia kwa gari lile kuna viti viwili tu, na cha nyuma alikaa mumeo. Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha."

Binti alikaa sakafuni palepale.

"Nina kibali," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto anayejitetea. "Si kwamba sina kitu. Nina kibali cha mwanafunzi, mume wangu ndiye anayenifundisha. Kila siku tunatoka, yeye anakaa hapa kando yangu, ananiambia punguza, ongeza, tazama kioo. Sijawahi hata kugusa jani la mtu."

"Kibali cha mwanafunzi kinatosha," Kachero alisema. "Sheria inataka mwenye leseni akae kando yako, na bima inafuata sheria. Kama alikuwa kando yako, mngesema ukweli, na leo tusingekuwa hapa."

"Hakuwa kando yangu."

"Kwa nini?"

Binti alifuta pua kwa mtandio. "Tulimkuta mama nje ya kliniki, jicho limefungwa bandeji. Nikamwambia mume wangu, wewe baki mbele, mama akae nyuma. Akashuka. Akasema, 'Nimpe mama mkwe mgongo safari nzima? Yeye aangalie kisogo changu kama kondakta?' Akamfungulia mama mlango wa mbele, yeye akaenda nyuma, tena nyuma yangu mimi, ili hata viwiko vyake vikae mbali na mama. Nikamwambia sheria inasemaje. Akasema sheria haina mama mkwe."

"Niliyasema hayo," Mkwe alisema. Alikuwa akiikunja kofia, akiikunjua. "Mwendo wenyewe ulikuwa mfupi. Mbwa alipotokea, kama ningekuwa mbele ningeushika usukani. Nilinyoosha mkono kutoka nyuma. Haukufika."

Muuguzi alipita na kitoroli cha sindano, akawazunguka.

"Dada," Mkwe alisema, "ni kiti kimoja tu. Watu ni walewale, gari ni lilelile. Andika nilikuwa naendesha mimi."

"Umeshasema hivyo polisi. Unajua kinachofuata?"

"Kesi ya uzembe."

"Na leseni. Dereva wa basi la shule aliyepiga nguzo na kumvunja mtu. Shule itakuweka?"

"Haitaniweka."

"Basi mtakula nini?"

"Nitakula nini ni shida yangu na Mungu. Mama ana mguu mmoja unaoharibika sasa hivi."

*

Meneja alikuwa ametaka sauti ya majeruhi mwenyewe, iliyorekodiwa kwenye simu ya ofisi. Bila sauti hiyo hakuna uamuzi. Kachero aliingia wodini, na safari hii hakuna aliyemwambia mama amelala.

Mama alikuwa macho. Jicho moja lilikuwa na bandeji, jingine likimfuata Kachero tangu mlangoni. Mguu wa kushoto ulikuwa juu ya mto, umefunikwa shuka, na harufu yake haikufichika.

"Wewe ndiye wa bima," mama alisema. "Nimekusikia. Masikio hayakuvunjika. Binti yangu hawajamfunga?"

"Hapana, mama."

"Alikuwa anaendesha vizuri, maskini. Mbwa ndiye hakujifunza." Akageukia upande wa binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na mwambie mume wako aache kulia koridoni. Anaamsha wagonjwa."

Mkwe alikuwa nje ya mlango, hatua chache tu kutoka pale. Binti alimgeukia. "Mama anasema uache kulia."

"Mwambie mama nimeacha," Mkwe alijibu.

Kachero alivuta kiti. Aliweka simu ya ofisi juu ya meza ya dawa bila kuiwasha.

"Mama, kuna jambo hujaambiwa," alisema. Akamweleza yote, kwa maneno machache: vyuma, daktari, mchana, na kiti. Binti aliziba mdomo. Mama alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo nikisema kweli, wanakata."

"Ndiyo."

"Na nikisema mkwe wangu ndiye aliyeendesha?"

"Wanafunga vyuma. Yeye anakwenda mahakamani, na kazi yake inaisha."

"Na wewe?"

"Mimi ni kazi yangu kujua ukweli na kuupeleka. Nimeshaujua."

Mama alicheka kwa pua, kicheko kidogo kikavu. "Maskini. Nawe umekuja kuniletea mzigo wako niubebe na mguu huu." Kisha akashusha sauti. "Mimi ni mzee. Mguu huu umeshanitembeza vya kutosha. Pale nyumbani kuna wajukuu wanaokula kwa leseni ya baba yao. Washa mashine yako. Nitasema kweli."

"Mama, usifanye hivyo!" Binti alilia.

Mkwe aliingia. Hakusimama mlangoni. Alikuja mpaka miguuni mwa kitanda, akapiga magoti, uso ameuelekeza sakafuni, na akasema yeye mwenyewe, bila kupitisha maneno kwa mtu.

"Mama, nakuomba. Leseni watanirudishia siku moja. Mguu hauoti."

Mama aliutazama utosi wake. Mkono wake ulifanya kama unataka kuinuka, ukabaki juu ya shuka.

"Mwambie ainuke," alimwambia binti yake. "Ataumia magoti."

Hakuinuka.

Mama akamtazama Kachero kwa lile jicho lake moja. "Washa."

Kachero akawasha. Aliuliza jina, umri, alikotoka siku ile, alikokuwa akienda. Mama alijibu taratibu, kama anayesoma.

"Nani alikuwa akiendesha gari?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kuangalia.

"Mkwe wangu."

"Na wewe ulikaa wapi?"

Hapo mama alifunga jicho. Shingo yake ilisimama mishipa. Uongo wa kwanza ulikuwa umetoka wenyewe, ila huu wa pili, wa kukaa ubavuni mwa mkwe, uliujaza uso wake wote aibu, aibu ya mwanamke aliyeambiwa avue nguo mbele ya watu.

"Mbele," alisema. "Kando yake."

Akageuza uso ukutani. Kachero akazima.

*

Aliituma sauti, akasimama koridoni akisubiri. Simu ililia baada ya muda mfupi.

"Kachero," Meneja alisema. "Nimesikiliza. Mama anaongea vizuri. Ila kuna kitu kinaniwasha. Gari hilo ni la gia za mkono?"

"Ndiyo."

"Na mama mkwe akakaa mbele? Mimi wangu nikimbeba hukaa nyuma, na bado anageukia dirishani mpaka tufike. Huyu wako vipi?"

Mwisho wa korido, daktari wa mifupa alikuwa amesimama na wahudumu wawili na kitanda cha magurudumu. Alimwonyesha Kachero kiganja kitupu. Vipi?

"Akikaa nyuma hutapika," Kachero alisema.

"Nini?"

"Gari likianza kutembea, akiwa nyuma, anatapika. Na siku hiyo alikuwa na bandeji ya jicho, kichwa kinazunguka. Walimweka mbele ili asichafue gari."

"Hilo halimo kwenye sauti."

"Nilimuuliza kabla sijawasha. Aliona haya. Mama wa watu, unataka nimrekodi habari za kutapika?"

Meneja alicheka kidogo, akakohoa. "Na teksi bubu?"

"Hakuna teksi. Nimekagua."

"Kiti cha nyuma kikoje?"

"Kina vioo tu."

"Hakuna dalili ya mtu?"

"Hakuna."

Upande wa pili kalamu iligongagonga meza. "Haya. Wewe ndiye uliyeona. Jina litakalokaa chini ya ripoti ni lako, si langu. Nampigia daktari."

Simu ya daktari iliita mwisho wa korido. Alisikiliza, akaitikia mara moja, akawasukuma wahudumu kwa mkono. "Twendeni! Vyuma vinakuja. Mwandaeni!"

Binti aliangua kilio ambacho hakikujulikana kama ni cha furaha. Kitanda kilipotolewa wodini, Kachero alikishika ubavu, akatembea nacho.

"Mama, sikiliza vizuri. Kuanzia leo, ukikaa kiti cha nyuma unatapika."

"Mimi?"

"Wewe. Tangu usichana wako. Akija mtu yeyote wa ofisini kwetu kukuuliza, ndivyo ulivyo."

"Hata kwenye basi?"

"Hata kwenye basi."

Mama alimtafuta binti yake kwa jicho. "Umesikia? Mama yako hutapika. Usije ukanisaliti mbele za watu."

Milango ya chumba cha upasuaji ikafunguka, ikakimeza kitanda. Binti alibaki ameegemea milango ile kwa paji la uso.

Kachero alirudi kwenye benchi. Alitoa simu yake, akatafuta picha za yadi, akafuta ya kiti kilichokuwa na sehemu safi, kisha ya damu. Mkwe alikuwa amesimama ukutani, kofia imekunjwa mpaka haina umbo.

"Kaa hapa," Kachero alimwambia. "Polisi watakuita leo au kesho, na mpelelezi wao si mjinga. Tuanze mwanzo. Ulikuwa unaendesha. Mikono iko kwenye usukani. Mbwa anatokea. Ni wa rangi gani?"

Mkwe alikaa, kofia gotini.

"Sikumwona, dada. Kiti cha mke wangu kilinizi—"

"Hapana," Kachero alisema. "Jibu tena. Mbwa alikuwa wa rangi gani?"